Mkia Uliobaki Juu ya Tope: Wanyama, Bunduki na Kamera Katikati ya Tanzania

Jina la Dodoma lina hadithi mbili, na katika zote mbili kuna mnyama aliyezama. Ya kwanza ndiyo wengi tuliyoisikia shuleni. Tembo alishuka kunywa maji kijitoni, akanasa kwenye tope, akajitahidi wee, mwisho akadidimia. Wagogo waliomkuta wakasema "idodomya", yaani imezama, na mahali pakabaki na jina hilo. Ya pili husimuliwa kwa kicheko, hasa kukiwa na Mhehe barazani. Watu wa hapa waliiba ng'ombe wa wenzao, wakachinja, wakala wote, wakabakiza mikia. Wenye mifugo walipofuata nyayo wakakuta mikia imechomekwa juu ya tope. Wakaelezwa kwa masikitiko makubwa: ng'ombe wenu hao, idodomya.

Sina haja ya kuamua ipi ni ya kweli. Naipenda ya pili kwa sababu ni hadithi ya ushahidi. Mtu anaonyeshwa kipande kidogo cha mnyama na kuombwa aamini mengine yote. Tena ushahidi wenyewe umepangwa. Kama ningeulizwa picha ya kwanza ya kupangwa katika historia ya Dodoma ni ipi, ningejibu bila kusita: ile mikia.

Nauliza mambo haya kwa sababu ninatembea na kamera. Siku za mapumziko huzunguka kwenye majabali ya pembezoni mwa mji, au huenda mpaka bwawa la Hombolo, nikitafuta pimbi, ndege, mijusi, chochote chenye uhai kitakachokubali kutulia sekunde mbili. Marafiki zangu wa Dar hunicheka. Wao wakitaka picha za viumbe hukimbilia kwenye maji ya uvuguvugu ya pwani: Saadani, ambako pori linagusana na Bahari ya Hindi, au Mafia, kumfuata papa potwe. "Huko Dodoma unapiga picha ya nini, vumbi?" Swali hilo lilinifanya nianze kusoma, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba uwanda huu wa kati una historia ndefu sana ya kumtazama mnyama na kutengeneza sura yake. Ni ndefu kuliko kamera, ndefu kuliko bunduki, ndefu kuliko jina lenyewe la Dodoma. Na katika historia hiyo yote kuna mtu mmoja anayeachwa nje ya picha kila mara.

Tuanzie Kondoa. Ukitoka Dodoma mjini ukaelekea kaskazini kwa barabara ya Babati, unapita Kondoa, kisha unafika kijiji cha Kolo. Juu ya miteremko ya hapo, kwenye kingo za Bonde la Ufa, kuna majabali yaliyoinama kama mapaa ya nyumba, na chini ya mapaa hayo kuna michoro. Mwaka 2006 UNESCO iliyaingiza maeneo hayo kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia. Eneo zima lina zaidi ya kilomita za mraba 2,300, na idadi ya majabali yenye michoro inakadiriwa kuwa kati ya 150 na 450. Tofauti hiyo kubwa ya makadirio yenyewe inakuambia kitu: hata kuhesabu hatujamaliza.

Michoro iliyo mingi na ya zamani ni ya rangi nyekundu, na wataalamu huihusisha na wawindaji na waokota matunda, watu ambao Wasandawe wa leo wanatajwa kuwa miongoni mwa warithi wao. Juu ya ile nyekundu kuna michoro myeupe, mizito zaidi, inayohusishwa na wakulima waliokuja baadaye. Katika ile nyekundu, wanyama wamejaa: twiga, pofu, tembo, swala wa aina kwa aina. Usidhani ni vikaragosi. Aliyechora pofu alijua jinsi ngozi inavyoning'inia chini ya shingo yake. Aliyechora twiga alijua mgongo unavyoteremka kutoka mabegani. Mambo hayo mtu hayajui kwa kutazama mara moja. Huyajua aliyemfuata mnyama asubuhi, mchana na jioni, akamwona akila, akikimbia na akifa.

Nilipofika Kolo, mzee aliyeniongoza hakunieleza lolote kwanza. Alinisimamisha mbele ya jabali akasema, "Tazama, mwanangu. Halafu uniambie umeona nini." Nikaona madoa mekundu. Akasubiri. Baada ya dakika kadhaa madoa yakaanza kuwa miguu, kisha shingo, kisha mnyama mzima. Nilitoa kamera, naye akaniomba niendelee kutazama kidogo kabla sijapiga. Mpaka leo sijapata somo bora la upigaji picha.

Hapa lugha yetu inatusaidia kufikiri. Mchoro tunauchora, picha tunaipiga. Najua, piga ni kitenzi cha kazi zote: tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga hodi, tunapiga soga. Lakini pia tunapiga bunduki, na katika Kiswahili cha wasafiri wa zamani mwindaji alikuwa anapiga tembo. Kuchora kunadai muda, kupiga kunadai kishindo. Sisemi kwamba kamera ni bunduki, maana mimi mwenyewe ninaibeba. Nasema tu kwamba kwenye uwanda huu vitu hivyo viwili vilisafiri pamoja, kwenye mizigo ya watu walewale, na bunduki ndiyo iliyotangulia kufika.

Ilifikaje? Kwa njia ya misafara. Karne ya 19 Unguja ilikuwa soko kubwa la pembe za ndovu, na pembe hizo zilitoka bara, vichwani na mabegani mwa watu. Njia kuu iliondoka Bagamoyo, ikapanda Usagara, ikapumua Mpwapwa, ikavuka nyika isiyo na maji mazuri iliyoitwa Marenga Mkali, ikaingia Ugogo. Mbele ya Ugogo kulikuwa na vichaka vya Mgunda Mkali, ndipo ukafika Unyanyembe. Wagogo walikaa katikati ya njia wakiwa na kitu ambacho msafara haukuweza kukikwepa, yaani maji na chakula, nao walitoza hongo. Wasafiri karibu wote, Waarabu, Waswahili na Wazungu, wamelalamika juu ya hongo ya Ugogo. Mimi nikisoma malalamiko hayo najisikia fahari kidogo, siwezi kuficha.

Pembe hizo zilikwenda Bombay na London, na nyingine zilifika Connecticut, Marekani, zikawa vibao vya piano na vitana vya nywele. Fikiria urefu wa safari hiyo. Mnyama ambaye mchoraji wa Kondoa alimtazama mpaka akamjua mkunjo wa ngozi, sasa anafika upande wa pili wa dunia akiwa kipande cheupe chini ya kidole cha binti anayejifunza muziki. Huo ni mkia juu ya tope, tena wa ng'ambo.

Mpenzi wa fasihi ya Kiswahili anajua kwamba enzi hiyo imetuachia kitabu. Hamed bin Muhammed, anayejulikana zaidi kama Tippu Tip, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Heinrich Brode akazichapisha kwa herufi za Kirumi pamoja na tafsiri ya Kijerumani mwaka 1902 na 1903. Ni moja ya nguzo za nathari yetu. Ninavyoisoma mimi, pembe zimo kila mahali, zikihesabiwa kwa frasila, lakini tembo aliye hai hana nafasi kubwa. Ni bidhaa ambayo bado haijakatwa.

Na jina lake la utani, je? Lina maelezo mawili. Wapo wanaosema alipewa kwa sababu ya macho yake yaliyopepesa. Mwenyewe anasema linatokana na mlio wa bunduki zake: tip, tip, tip. Jicho au bunduki. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kubeba historia ya karne nzima katika jina la utani namna hiyo.

Sasa kamera. Mwaka 1860 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walitoka pwani kwenda kutafuta chanzo cha Nile, wakiwa na Sidi Mubarak Bombay kama mmoja wa viongozi wa watu wao. Grant ndiye alikuwa mpigapicha wa msafara. Wakati ule kupiga picha kulikuwa kibarua kweli: unapaka kioo dawa, unakitumia kabla hakijakauka, halafu unakisafishia gizani palepale, ndani ya hema. Safari haikuwa imefika mbali kutoka pwani Grant aliposhindwa. Speke ameeleza sababu katika kitabu chake: joto la ndani ya kihema kile cha kuandalia vioo lingemuua mwenzake. Kamera ikawekwa kando, Grant akachukua penseli na rangi. Kwa maneno mengine, joto lile la pwani ambalo leo rafiki zangu wanalifuata kwa ajili ya picha ndilo lililoizuia kamera isiingie Ugogo.

Bunduki haikuwa na tatizo la joto. Mwishoni mwa mwaka uleule, wakiwa Ugogo, Speke alitoka usiku kuvizia vifaru, akawapiga. Kulipokucha Wagogo na watu wa msafara waliigombania nyama, naye akaeleza kinyang'anyiro kile kwa kejeli ya mtu aliyeshiba. Vijana waliombebea bunduki ya akiba wamo katika masimulizi hayo, lakini majina hawana. Waliojua vifaru wanakunywa wapi nao hawana majina. Hebu fikiri: mgeni hawezi kuamka tu akajua kifaru wa Ugogo anapita wapi saa za usiku. Kuna mtu alimwambia.

Na Grant? Nadhani joto lile lilitufanyia hisani. Mtu aliyekuja kupiga akalazimika kuchora. Akakaa chini akatazama, kama walivyofanya wale wa Kondoa.

Kamera na bunduki zilikuja kuungana rasmi zaidi ya miaka arobaini baadaye, na muungano huo umeandikwa kwenye jalada la kitabu. Mwaka 1905 Mjerumani Carl Georg Schillings alichapisha "Mit Blitzlicht und Büchse", maana yake kwa mwanga wa radi ya kamera na kwa bunduki. Safari zake zilikuwa kwenye nyika ya Wamasai na kandokando ya mto Pangani, yaani upande wa kaskazini-mashariki wa uwanda wetu. Kitabu kilikuwa na picha takriban mia tatu na kiliwashangaza wasomaji wa Ulaya. Kwa mara ya kwanza watu wengi waliweza kumwona simba usiku, akiwa porini, macho yakiwaka.

Hebu tuangalie picha hizo zilivyopatikana. Schillings alifunga punda au maksai mahali simba wanapopita. Kamera zikategwa, na unga wa magnesiamu ukawekwa tayari kulipuka. Kwenye baadhi ya mitego mnyama mwenyewe ndiye aliyegusa kamba akajipiga picha. Radi ikamulika nyika, na kwa nukta moja simba na punda wakabaki milele kwenye kioo. Ni picha za ajabu, sikatai. Lakini ukishajua habari ya punda huwezi tena kumtazama simba peke yake. Tope na mikia.

Punda walau anaonekana pichani. Wapagazi hawaonekani. Kamera zile, vioo vile, kemikali, maji, chakula, na fuvu na ngozi za wanyama waliopigwa kwa bunduki, vyote vilibebwa na wanadamu. Kioo kimoja kikivunjika hapo ndipo mwisho wa picha. Kwa hiyo kila picha iliyofika Leipzig ni ushahidi kwamba kuna mtu alitembea siku nyingi kwa uangalifu mkubwa, bila kujikwaa. Ukitaka kujua ustadi wa mpagazi, basi ni huo: picha haina ufa.

Schillings alikuwa na jambo jingine, na hapa ni lazima tumtendee haki. Aliona kwamba wanyama wanakwisha, na aliandika kuhusu hilo kwa uchungu. Uchungu wake haukuwa wa uongo. Tatizo ni kwamba sheria zilizotokana na uchungu wa aina hiyo zilimwangukia mtu mwingine. Tayari mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann alikuwa ametoa amri ya kwanza ya kulinda wanyamapori katika koloni la Wajerumani, yenye leseni za kuwinda na maeneo yaliyokatazwa. Mwaka 1900 mataifa yenye makoloni yakakutana London kwa ajili hiyohiyo. Mwenye fedha aliweza kukata leseni. Mwenye upinde alianza kuitwa jina jipya.

Jina lenyewe ni jangili. Limetoka Kihindi, kwenye neno lenye maana ya mtu wa porini, mshenzi. Basi tazama mzunguko huo: watu ambao wazee wao walimjua pofu mpaka wakamweka kwenye mwamba kwa maelfu ya miaka wakaamka siku moja wakakuta kwamba kuishi na pofu ni kosa la jinai, na kwamba wao ndio wa porini. Sisemi kwamba ujangili haupo. Tumeona tembo wetu walivyomalizwa kwa bunduki za kivita katika zama zetu wenyewe, na anayefanya biashara hiyo simwonei huruma. Nasema neno moja lilifunika watu wawili tofauti, anayekula na anayeuza, na historia ikawasahau wote wawili isipokuwa kwenye jalada la mahakama.

Waingereza walipochukua nchi, uwanda wa kati ukatazamwa kwa jicho jingine: la mbung'o. Kondoa Irangi ilikuwa moja ya vituo vya utafiti wa mdudu huyo. Mtaalamu mmoja wa mbung'o, T. A. M. Nash, ndiye aliyechapisha mwaka 1929 taarifa ya michoro ya karibu na Kondoa katika jarida la wanaanthropolojia wa Uingereza. Nimefikiria sana sadfa hii. Vita dhidi ya mbung'o katika Tanganyika vilipiganwa kwa kufyeka vichaka, na mahali pengine kwa kuwaua wanyama walioaminika kumlisha. Kwa hiyo idara iliyotufanya tuione picha ya mnyama kwenye mwamba ilikuwa pia idara iliyoshughulika na kumwondoa mnyama kwenye kichaka.

Kisha akaja Mary Leakey. Mwaka 1951 alikaa Kondoa miezi kadhaa na timu yake, akinakili michoro kwenye karatasi maalumu, sura baada ya sura, zikafikia takriban 1,600. Alikuja kuzichapisha mwaka 1983 katika kitabu alichokipa jina linalouma, "Africa's Vanishing Art", yaani sanaa ya Afrika inayotoweka. Angalia tena njia yake: angeweza kupiga picha tu akaondoka, lakini kazi kubwa aliifanya kwa mkono, kwa kuchora upya. Baadaye Mtanzania Fidelis Masao akaifanyia michoro ya Tanzania ya kati utafiti wa kina, uliochapishwa mwaka 1979, na alikuja kuiongoza Makumbusho ya Taifa. Napenda wanafunzi wetu wamjue mapema kama wanavyomjua Leakey.

Lakini kunakili siyo kuelewa. Kolo kuna mchoro maarufu wa watu wembamba wenye vichwa virefu, mmoja wao akiwa anashikwa mikono kutoka pande mbili. Leakey aliona tukio la utekaji: mwanamke anavutwa na watu wabaya. Wengine waliokuja baadaye, wakiwa wamesikia habari za Wasandawe, wakaona kitu tofauti kabisa: watu walio katika ngoma, na mmoja aliyezidiwa anashikwa na wenzake. Wasandawe wana ngoma iitwayo simbo, ambamo mchezaji huingia katika hali ya kuwa simba ili awalinde watu na wachawi. Miaka ya 1960 mwanaanthropolojia Eric ten Raa aliishi miongoni mwao na kukuta kwamba kuchora juu ya mwamba halikuwa jambo la watu wa kale tu. Yaani wakati wataalamu wanabishana juu ya maana, waliokuwa na la kusema walikuwapo hapo jirani, Farkwa na Kwa Mtoro, wakichunga mbuzi. Swali lilikuwa ni nani aende kuwauliza, na akishauliza, ataandika jina la nani.

Mwaka 1959 filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael juu ya Serengeti ilitoka, ikashinda Oscar, na Michael alikuwa ameshakufa kwa ajali ya ndege Januari mwaka huohuo wakiwa kazini. Filamu hiyo na vitabu vilivyoifuata viliizoesha dunia picha moja ya nchi yetu: nyasi, nyumbu, machweo, na hakuna mtu. Picha hiyo imeleta fedha na imeokoa wanyama wengi, hilo tulikubali. Lakini imetuzoesha sisi pia. Mara ngapi nimesogeza kamera kidogo kulia ili yule mama mwenye ndoo asiingie kwenye picha ya ndege? Wapigapicha wenzangu mnajua ninachosema. Tunamtoa mama, halafu tunaita picha "asili".

Uwanda wa kati haukubali uongo huo kirahisi, kwa sababu hapa mnyama na mtu hawajawahi kutengana. Kwenye Mungumi wa Kolo, jabali lenye michoro maarufu kuliko yote, watu bado wanakwenda kufanya matambiko, kuomba mvua na uponyaji. Mlinzi wa mambo ya kale anataka mwamba usiguswe. Mwenye tambiko anataka mwamba ufanye kazi. Mpigapicha, kwa upande wake, anataka rangi ing'ae. Na katika michoro ya miambani sehemu nyingi za dunia, ni wapigapicha waliokuwa wakimwagia maji ukutani ili wekundu uonekane vizuri kwenye filamu, na kila ndoo ikaondoka na kiasi cha rangi. Kolo kuna na wachimbaji wa usiku, wanaoamini Wajerumani walificha mali chini ya miamba. Kati ya hao wote, mwenye tambiko ndiye niliyekuja kumwona kuwa na sababu yenye umri unaokaribia wa mchoro.

Na mjini je? Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma mjini. Ya mwaka 2022 ikahesabu 765,179. Serikali iliamua mwaka 1973 kuhamia hapa, ikaanza kuhama kwa kasi mwaka 2016, na tangu 2024 treni ya umeme inakutoa Dar es Salaam na kukufikisha Dodoma kwa muda usiozidi saa chache, safari iliyokuwa ya wiki nyingi kwa mguu. Nafurahi. Nimepanda treni hiyo nikala karanga nikishangaa. Lakini kila mtaa mpya ulikuwa kichaka, na kichaka kilikuwa nyumba ya mtu fulani mwenye manyoya.

Chukua mfano wa wale kasuku wadogo wa kijani wenye kola ya njano na kichwa cheusi, wanaopenda matundu ya mibuyu. Kwa asili yao hawako nchi nyingine yoyote duniani isipokuwa Tanzania, na hapa kwetu unaweza kuwasikia kabla hujamaliza chai. Ulaya na Marekani wanafugwa kwenye vizimba na wengi hawajui walikotoka. Jina lao la kisayansi walipewa mwaka 1887 na Anton Reichenow, na kwa taratibu za sayansi jina la Reichenow linaandikwa pembeni ya jina la ndege huyo mpaka mwisho wa dunia. Ni utaratibu mzuri. Aliyemwandika mnyama wa kwanza anakumbukwa. Ila aliyemwandika siye aliyemwona kwanza. Huyo wa mwanzo alimwita kwa Kigogo, au kwa Kisandawe, au kwa Kirangi, na jina lake lilikuwa na sababu: sauti, tabia, msimu.

Hapo ndipo ninapotaka tufike. Sisi tunaotembea na kamera na simu tunaongeza maelfu ya picha kila mwezi. Tunaweka jina la Kiingereza, labda na la Kilatini, aina ya lenzi, na saa. Aliyetuonyesha tundu hatumweki. Neno alilolitumia hatuliweki. Wachoraji wa Kondoa majina yao hatutayapata kamwe, na wapagazi wa Schillings labda tumeshawakosa. Lakini huyu anayesimama kando yako asubuhi ya leo na kukunong'oneza "pale, juu ya tawi la pili, usiende haraka", huyu bado yupo, na anajibu akiulizwa.

Tangu mwaka jana nina daftari. Kila picha ninayoibakiza ina mistari mitatu: mahali, jina la kiumbe kwa lugha ya aliyenionyesha, na jina lake yeye mwenyewe, kama ameridhia. Mzee wa Kolo aliridhia liandikwe nyuma ya picha niliyompelekea, akakataa lisiwekwe mtandaoni. Ndiyo maana hapa nimemwita mzee tu. Wengine wameridhia kila kitu, wengine wamenicheka. Mama mmoja wa Hombolo alinipa majina manne ya ndege mmoja, akaongeza kwamba la tano ni matusi. Nimeyaandika yote matano.

Ukienda kutembea kesho, iwe Hombolo, Kolo au huko kwenye maji ya uvuguvugu ya Saadani, jaribu kuuliza kabla hujapiga. Kisha andika jibu.